Umehamia Kitengela? Wenyeji wana neno nawe

Jumamosi asubuhi umepakia kila kitu kwenye lori dogo: kitanda, meko ya gesi, televisheni uliyoifunga kwa blanketi, na magunia ya nguo ambayo hukujua yalikuwa mazito hivyo. Umeaga keja yako ya Pipeline, ile ambayo dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Dereva anashika Mombasa Road, anaiacha pale Athi River na kuingia barabara ya Namanga. Umeshaweka picha kwenye status ya WhatsApp: "Kwaheri Nairobi."

Marafiki wanajibu kwa kicheko. Mmoja anauliza kama umebeba pasipoti. Mwingine anaahidi kukutembelea Krismasi, akipata likizo. Ni utani ule ule uliofanya Ongata Rongai ibandikwe jina la "Diaspora", kana kwamba ukivuka daraja umefika ng'ambo.

Mnafika, mnashusha mizigo. Nyumba ina vyumba viwili vya kulala, vigae sakafuni na hewa tele, na kodi yake haijapita sana ile uliyokuwa ukilipia chumba kimoja mjini. Unapohangaika na godoro mlangoni, mzee aliyejitanda shuka nyekundu anapita nje ya lango akiwa na ng'ombe kama kumi hivi. Anasimama kidogo. Anatazama lori, kisha anakutazama wewe. Wewe umeinamia simu, unatafuta mtandao. Mzee anapiga mluzi, ng'ombe wanaendelea na safari.

Sasa hebu tuulizane: mzee yule alikuwa akiwaza nini?

Kabla ya kuhama uliuliza maswali yote ya maana. Maji yapo? Stima hupotea? Nauli ni ngapi asubuhi, na mvua ikinyesha je? Kuna wezi? Swali moja tu ndilo wengi wetu husahau kuuliza: waliokuwa hapa kabla yangu wananionaje?

Hujaja peke yako

Sensa ya 2009 ilihesabu watu 687,312 katika Kaunti ya Kajiado. Ile ya 2019 ikahesabu 1,117,840. Kwa miaka kumi pekee, wameongezeka zaidi ya watu 430,000. Kuzaana hakuwezi kuleta idadi hiyo bila msaada. Wengi waliingia kwa lori kama lako.

Sababu unazijua kwa sababu ndizo zilizokuleta. Nairobi imejaa na kodi inapanda. Viwanda vya Athi River, pamoja na vile vya EPZ vilivyoanza miaka ya 1990, vilihitaji wafanyakazi, nao wafanyakazi walihitaji mahali pa kulala. Barabara zikawekwa lami. Madalali wakachapisha mabango ya "ploti zinauzwa, hati tayari" kuanzia Rongai na Kiserian hadi Kisaju na Isinya. Leo ukitembea katikati ya mji wa Kitengela utasikia Kikikuyu, Kikamba, Kijaluo, Kiluhya na Kikisii kabla hujasikia neno moja la Kimaasai. Na Kajiado ni nyumbani kwa Wamaasai.

Wao wana neno lao kwa sisi watu wa makabila mengine: *ilmeek*. Si lazima liwe tusi. Inategemea limetamkwa vipi na baada ya nini. Lakini ukilisikia ukipita, jua kwamba umetajwa.

Jina la mji uliotoka

Kabla hujakasirika kwamba unaitwa mgeni ndani ya nchi yako, fikiria jina la mji uliouaga asubuhi. Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yanayotaja maji baridi. Ongata Rongai ni uwanda mwembamba. Kajiado ni mto mrefu. Umetoka mahali palipopewa jina na Wamaasai, ukapita penye jina la Wamaasai, ukafika kwao. Na bado rafiki yako anakuuliza pasipoti.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Waingereza iliwatilisha viongozi wa Kimaasai sahihi mkataba uliowaondoa katika malisho yao ya Bonde la Ufa, yakiwemo ya Naivasha, ili walowezi wapate nafasi. Wakagawanywa mafungu mawili, moja Laikipia na jingine huku kusini. Mkataba ulisema ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Haukumaliza hata miaka kumi. Mwaka 1911 ukaletwa mwingine, na waliokuwa Laikipia nao wakaswagwa kusini pamoja na mifugo yao. Walikwenda mahakamani. Kesi ikatupwa mwaka 1913.

Kajiado ni sehemu ya kile walichoachiwa. Mzee aliyesimama langoni pako huenda hajasoma mikataba hiyo, lakini amesimuliwa. Akiona lori lingine likishusha makochi, haoni kijana aliyechoshwa na kodi ya Pipeline. Anaona hadithi ya babu yake ikirudiwa, safari hii bila askari wala bunduki.

Si waliuza wenyewe?

Najua unachotaka kusema. Hakuna aliyenyang'anywa. Waliuza kwa hiari, wakapokea pesa, wakatia sahihi.

Ni kweli, na wenyeji wenyewe ndio wa kwanza kusema hivyo, tena kwa uchungu kuliko wewe. Ila ni vizuri ujue ilivyokwenda. Baada ya uhuru, sheria ya mwaka 1968 iliruhusu ardhi ya malisho isajiliwe kwa jina la kikundi, ikawa ranchi ya watu wengi kwa pamoja. Kuanzia miaka ya 1980 ranchi hizo zikaanza kugawanywa, kila mwanachama akipewa kipande chake na hati yake. Wanachama walioandikishwa walikuwa karibu wote wanaume wenye boma. Wake hawakuwemo. Vijana waliokuwa bado hawajaoa hawakuwemo.

Kisha dalali akaja na gari. Karo ya shule imefika, mtoto ni mgonjwa, ukame umekula nusu ya ng'ombe, na huyu hapa ana pesa taslimu mfukoni. Ekari zikauzwa kwa bei ambayo leo hainunui hata ploti ya futi 50 kwa 100 kando ya lami. Aliyenunua akazikatakata na kuuza upya kwa faida.

Kwa hiyo ukikutana na kijana wa Kimaasai wa umri wako ambaye hana raha na wewe, kuna uwezekano kwamba hasira yake ya kwanza si juu yako. Ni juu ya babake. Babake aliuza kabla yeye hajazaliwa au alipokuwa darasa la tatu. Hakuulizwa, na mamake hakuulizwa. Sasa anaendesha bodaboda, na kila siku hubeba abiria hadi kwenye lango la nyumba iliyojengwa mahali alipochungia mbuzi. Anapokea shilingi zake, anasema asante, anageuza pikipiki.

Faida ipo, na wanaijua

Usidhani kila mwenyeji anakutazama kwa jicho baya. Wapo waliouza kipande kidogo, wakajenga nyumba za kupangisha kwenye kilichobaki, na leo ni malandilodi wanaoombea watu wazidi kuja. Wapo akina mama wanaopitisha maziwa mlango kwa mlango kila asubuhi. Katika mila za Kimaasai maziwa ni mali ya mwanamke, kwa hiyo mitungi ile ikitoka imejaa na kurudi mitupu, pesa zimeingia mkononi mwake moja kwa moja.

Wageni walileta wateja. Walileta shule, zahanati, maduka ya dawa, mafundi, hata pahali pa kunyoa na kusuka. Mji mkubwa hauombi lami kwa unyenyekevu kama kijiji. Msichana wa Kimaasai aliyetaka kusoma zaidi alikuta shule karibu zaidi kuliko dadake. Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone", na kuna wenyeji wa Kajiado waliopona kweli.

Tatizo ni kwamba si wote. Aliyepona ni yule aliyekuwa na ardhi kando ya barabara na akili ya kusubiri. Aliye mbali na lami amepata vumbi tu.

Mahali panapouma

Panapouma kwanza ni ua. Wewe ukinunua ploti, jambo la kwanza ni kuizungushia seng'enge au ukuta, kisha unaweka lango jeusi la chuma. Kwako ni usalama. Kwa mchungaji ni njia iliyofungwa. Ng'ombe hatambui hati miliki. Anajua kwamba mto uko kule na nyasi ziko huku. Kila ua mpya unaongeza mzunguko, na katika mwezi wa kiangazi mzunguko wa kilomita chache kwa ng'ombe aliyedhoofika ni jambo la kufa au kupona.

Hata wanyama wa porini wamo katika kesi hii. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wa kusini ili nyumbu na pundamilia waweze kutoka kwenda kwenye nyanda za Kitengela na Kapiti, kisha warudi. Kwa miaka mingi walipita katika ardhi ya Wamaasai, ambao hawakuwa na haja ya ua. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wafugaji kiasi fulani kwa kila ekari ili waiache wazi. Lakini dalali hulipa zaidi, tena mara moja. Njia zikabanana, simba wakazidi kukutana na mabanda ya mbuzi, na mwezi Juni 2012 simba sita waliuawa kwa mikuki Kitengela baada ya kuvamia mifugo. Mitandaoni watu wa mjini waliwalilia simba. Waliopoteza mbuzi waliuliza nani anawalilia wao.

La pili ni maji. Kitengela hutegemea sana visima vilivyochimbwa, na kila ghorofa jipya huchimba chake, mara nyingi maji yenyewe yakiwa ya chumvi. Wewe yakikwama unapigia simu lori la maji. Mwenye ng'ombe hamsini hawezi kupigia mtu simu.

La tatu ni dharau, na hili halihitaji ardhi wala maji. Kijana wa Kimaasai mwenye digrii anaingia kwenye jengo la ghorofa katika kaunti yake mwenyewe na anaulizwa kama amekuja kwa kazi ya usoja. Kiswahili chake kinaigizwa kwenye vichekesho hadi anachoka kucheka. Shuka ya babake unaivaa siku ya sherehe na kupiga picha, lakini hujui jina la jirani yako anayeivaa kila siku. Wanaouza ardhi huishiwa na pesa, lakini dharau huwapata hata wale ambao hawakuuza kitu.

La nne ni kura na kazi. Miji ya Rongai, Ngong na Kitengela ina wapigakura wengi, na wanasiasa wanajua kuhesabu. Wenyeji wana hofu kwamba siku moja wataamka wakiwa wachache katika kaunti iliyoitwa yao, na viti vyote vikiwa vya wengine. Kila uchaguzi ukikaribia, kuna mtu huichochea hofu hiyo kwa faida yake, kisha kura zikihesabiwa anasahau ng'ombe na ghorofa zote mbili.

Nawe una lako

Haya si ya kukufanya uombe msamaha kwa kupanga nyumba. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia, kukaa na kuishi popote nchini. Haki hiyo ni yako Kajiado kama ilivyo ya Mmaasai Nairobi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inazitaka kaunti zitenge angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya chini kwa watu wasio wa jamii kubwa ya eneo hilo. Hujavamia. Umehama.

Na una malalamiko yako, tena halali. Umeishi hapa miaka kumi na bado unaitwa mgeni. Mtoto wako amezaliwa hapa, hajui pengine, na mwalimu anamuuliza kwao ni wapi. Bei ya kokoto inabadilika ukifungua mdomo na lafudhi yako ikasikika. Kuna anayekuuzia ploti iliyouzwa tayari kwa watu wengine wawili, na ukienda kulalamika unaambiwa urudi ulikotoka. Uchaguzi ukikaribia unawaza kama uwapeleke watoto ushago kwa wiki mbili. Hofu ya kufukuzwa si ndogo kuliko hofu ya kumezwa. Ni majirani wawili walioweka macho kila mmoja kwenye lango la mwenzake.

Wacha nikupe kisa changu. Mwaka 2022, wakati wa ule ukame mkali, nilikuwa nimepanga nyumba nje kidogo ya mji wa Kitengela. Mizoga ya ng'ombe ilikuwa imelala kando ya barabara. Siku moja ng'ombe waliruka kijiua chetu cha miti na kumaliza sukuma wiki yote. Kwenye kundi la WhatsApp la majirani tulichemka. Mimi niliandika, na sasa naona haya, kwamba mwenye ng'ombe apelekwe kwa chifu awe funzo.

Jioni mzee akaja langoni, peke yake. Nilidhani amekuja kwa ugomvi. Alikuja kuomba radhi kwa ajili ya mboga. Akauliza kama tunaweza kumgawia maji kidogo ya ndama wawili waliobaki. Nilipokuwa nikijaza ndoo, alilitazama tangi letu muda mrefu, kisha akaniambia kwamba hapo liliposimama ndipo palipokuwa zizi la ndama la babake. Aliyeuza alikuwa kaka yake. Pesa, akasema, ziliisha kabla ya nyasi kuota.

Hakusema zaidi. Alibeba ndoo zake, akarudi kesho yake kuzirudisha zikiwa zimeoshwa. Mboga zangu zilikuwa za shilingi mia mbili. Sikujua niseme nini, na hadi leo nadhani nilichopaswa kusema ni salamu tu, miezi sita kabla.

Kuishi na watu

Kwa hivyo ukiwa umeshashusha godoro, ufanyeje?

Anza na salamu. Mwambie jirani "Sopa", naye atakujibu "Ipa". Ukikutana na mama, salamu yake ni "Takwenya", na jibu ni "Iko". Watoto wa Kimaasai humwinamishia mkubwa kichwa ili awaguse. Ukiinamishiwa, usirudi nyuma, gusa. Itakuchukua sekunde tano, na jina lako litaanza kujulikana.

Kama unajenga, kabla ya fundi kuchimba msingi waulize majirani njia ya ng'ombe hupita wapi. Ukirudisha ua nyuma hatua chache na kuacha upenyo, hutapoteza chumba. Wenzako wenye ploti mkikubaliana, mnaweza kuacha njia nzima wazi.

Kama unanunua ardhi, usimalizane na dalali na mzee wa boma pekee. Fanya utafutaji rasmi kwenye ofisi ya ardhi. Ardhi ya kilimo na malisho huhitaji idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na pale penye nyumba ya familia mke lazima aridhie. Lakini nenda mbele ya sheria kidogo: keti na mke na watoto wakubwa, uhakikishe wanajua kinachouzwa na wanabaki na nini. Ukinunua kwa siri ya mama na watoto, umenunua ploti pamoja na maadui.

Nunua maziwa kwa mama anayepita. Ukihitaji mtu wa kazi ya kompyuta, ya hesabu au ya kupiga picha, uliza kwanza vijana wa hapo, usiwatafute kwa kazi ya lango pekee. Mkutano wa chifu au wa bajeti ya kaunti ukiitishwa, nenda, na uzungumzie visima na malisho, si taa za mtaa wako tu. Halafu wachana na ule utani wa pasipoti. Kwako ni kichekesho cha status. Kwa aliyezaliwa Rongai, ni kuambiwa kwamba kwao ni ng'ambo ya kwao.

Nao wenyeji wana sehemu yao. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe" ni methali inayowahusu pia. Mtu aliyeishi hapa miaka kumi, analipa ada za kaunti na watoto wake wanasoma na wako, amepita siku ya tatu zamani. Mpe jembe. Mpe nafasi kwenye kamati ya maji, umtume, umlaumu akikosea kama unavyomlaumu ndugu yako. Kijana wa Kimaasai anayesoma haya na ana shamba la familia lililobaki, muulize babako leo hati iko wapi na ina majina ya nani. Usingoje lori lishushe makochi.

Kesho asubuhi mzee yule atapita tena na ng'ombe wake kumi. Saa moja hivi, kabla jua halijawa kali. Weka simu mfukoni, fungua lango, umsalimie.